Lenzi imeandikwa Zeiss, chini imechorwa "Made in Japan". Nani hasa kaitengeneza?

kivuli85 aliandika:

Wakuu, naomba msaada kidogo. Kuna lenzi nne za mkono wa pili zinazouzwa pamoja. Majina yote ni mazito, ila maandishi ya nchi yananichanganya:

1. Carl Zeiss Planar 50mm f/2, maunti (sehemu ya kufungia kwenye kamera) ya Leica M. Imechorwa "Made in Japan".
2. Voigtländer Nokton 50mm f/1.5. Nayo Japan.
3. Meyer-Optik Görlitz Trioplan 100mm f/2.8. Muuzaji anasema "Mjerumani halisi, hana mchanganyiko".
4. Vivitar Series 1 70-210mm. Jina la kiwanda halipo popote.

Ninachotaka kujua: je, Zeiss ya Japani ni feki? Mtengenezaji wa kweli unamjuaje kwa kushika lenzi yenyewe, bila kumtegemea muuzaji? Na je, nchi inabadilisha chochote kwenye picha, au ni sifa tu za kupandishia bei?

---

fundi_hesi aliandika:

Zeiss yako si feki. Kinyume chake: Planar 50mm f/2 ya ZM (familia ya Zeiss ya maunti ya M) ikija kwako imechorwa "Made in Germany", hapo ndipo uanze kuitilia shaka.

Kwanza tenganisha mambo matatu ambayo watu huyapika chungu kimoja: nani anamiliki jina, nani alisanifu mpangilio wa vioo, na nani alisugua vioo na kuifunga lenzi. Kwenye chapa kongwe hawa watatu mara nyingi si mtu mmoja.

Familia ya ZM ilitangazwa mwaka 2004 pamoja na kamera mpya ya Zeiss Ikon. Mwenye jina ni Carl Zeiss wa Oberkochen, Ujerumani. Mtengenezaji ni Cosina, kampuni ya Nakano katika mkoa wa Nagano, Japani. Ndani ya familia hiyo ni lenzi mbili tu zilizotoka Ujerumani: Distagon 15mm f/2.8 na Sonnar 85mm f/2. Nyingine zote, Biogon, Planar, C Sonnar, ni za Cosina, na imeandikwa wazi kwenye mwili. Hakuna aliyeficha kitu.

Ni hivyo hivyo kwa lenzi za fokasi ya mkono zilizofuata: ZF kwa Nikon, ZE kwa Canon, ZK kwa Pentax, ZS kwa hesi ya M42. Otus na Milvus za kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (SLR), na Loxia za Sony, nazo zimechorwa Japan. Batis na Touit, zenye fokasi ya otomatiki, pia zimetoka Japani. Lenzi za Sony zenye jina la Zeiss na herufi ZA ni kitu kingine tena: jina na viwango vya Zeiss, mtengenezaji Sony.

Alama ya T* nayo isikuchanganye. Ni jina la mpako wa kuzuia mng'ao kwenye vioo, haina habari na nchi. Asili yake ni kazi ya Alexander Smakula pale Jena mwaka 1935, lakini leo mpako huo unapakwa kokote Zeiss inakotengenezewa.

Sehemu yenye utamu ni Contax/Yashica, mfumo wa kamera za Japani wenye lenzi za Zeiss, kwa sababu hapo lenzi ileile ilitoka nchi mbili. Mfumo ulianza katikati ya miaka ya 1970 na Contax RTS. Yashica ilikuwa imeshainunua Tomioka, kiwanda cha lenzi cha Japani, tangu 1968. Mwaka 1983 Kyocera ikaichukua Yashica, na mwaka 2005 ikatangaza kuachana na Contax. Katika kipindi hicho utakuta Distagon au Planar ya "West Germany" na pacha wake wa Japani. Wakusanyaji hutumia vifupisho vinne: AEG, AEJ, MMG, MMJ. Herufi ya mwisho ni nchi. Hutazikuta zimechorwa kwenye lenzi; unazisoma hivi: tazama ringi ya apecha (tundu la kupitisha mwanga), namba ya tundu dogo kabisa, yaani f/16 au f/22. Ikiwa ya kijani, ni MM. Ikiwa nyeupe kama wenzake, ni AE. Kisha geuza, soma nchi. Sekunde tano umemaliza.

Sasa, watu hukimbilia AEG kwa sababu ya "Germany". Wanachosahau ni kwamba baadhi ya AE za f/1.4, mfano 85mm na 50mm, majani ya apecha hayafungi duara sawasawa ukitoka tundu kubwa kwa stopu moja au mbili. Taa za nyuma ya picha zinatoka na meno kama ya msumeno. Kwenye MM kasoro hiyo ilirekebishwa. Kwa hiyo MMJ ya Japani inaweza kuwa lenzi bora kwa kazi kuliko AEG ya Ujerumani, na wala si kwa sababu ya nchi. Ni toleo la baadaye tu.

---

LenziKongwe aliandika:

Fundi kamaliza Zeiss ya magharibi, ila kuna ya mashariki na hiyo ndiyo inayopoteza watu wengi.

Carl Zeiss alianzia Jena mwaka 1846. Baada ya vita kuu ya pili kampuni ikagawanyika: Oberkochen upande wa magharibi, Jena upande wa mashariki. Pande zote mbili zikadai jina, na kesi zikaenda miaka na miaka. Matokeo yake utayaona kwenye ringi ya mbele. Lenzi za Jena zilizouzwa nchi za magharibi mara nyingi hazina neno Zeiss kabisa, utakuta "aus Jena" au "Jena" peke yake, na badala ya Tessar kuna "T", badala ya Sonnar "S". Makubaliano ya London ya mwaka 1971 ndiyo yaliyopanga nani atumie jina gani na katika soko lipi. Kwa hiyo ukikutana na "aus Jena T 50mm f/2.8", hiyo ni Tessar halali. Wauzaji wasiojua huiuza kama lenzi isiyo na ukoo.

Tahadhari moja: miaka ya 1980 zipo lenzi zilizobeba jina la Carl Zeiss Jena, hasa zumu za Jenazoom, zilizotengenezwa Japani. Nazo si feki, lakini hazina uhusiano wa kisanifu na Flektogon au Pancolar, lenzi za Jena yenyewe. Usilipe bei ya Flektogon.

Na mkononi: Flektogon 35mm f/2.4 na Pancolar 50mm f/1.8 zina ugonjwa unaojulikana wa mafuta kwenye majani ya apecha. Grisi ya hesi ya fokasi inayeyuka na umri, inatambaa hadi kwenye majani, yanashikana, na tundu linachelewa kufunga. Kwa lenzi za M42 bonyeza kipini cha nyuma kwa kidole huku apecha iko f/16. Majani yafunge mara moja na kurudi mara moja. Yakijivuta, au ukaona yanang'aa kama yamepakwa, ni mafuta. Picha ya kwanza itatoka na mwanga mwingi kuliko ulivyopima, kisha inayofuata tofauti tena.

Voigtländer sasa. Jina ni la mwaka 1756, Vienna, Johann Christoph Voigtländer. Ni kongwe kuliko upigaji picha wenyewe. Mwaka 1849 wakafungua Braunschweig. Mwaka 1925 hisa nyingi zikaenda kwa Schering, mwaka 1956 zikaenda kwa mfuko wa Zeiss, na kiwanda cha Braunschweig kikafungwa miaka ya mwanzo ya 1970. Rollei, kampuni ya kamera ya Ujerumani, ikachukua jina. Rollei nayo ikafilisika mwaka 1981, jina likapita kwa wafanyabiashara wa Ujerumani, na tangu 1999 Cosina inalitumia kwa leseni. Yaani Nokton yako na Planar yako zimetoka nyumba moja.

Cosina inayatumia majina ya zamani, Nokton, Ultron, Heliar, Skopar, Apo-Lanthar, lakini vioo ni usanifu wake mpya. Nokton 50mm f/1.5 ya Braunschweig ya mwaka 1950 na Nokton 50mm f/1.5 ya Cosina zimefanana jina na tundu tu. Ukimsikia mtu anaahidi "mwonekano ule ule wa 1950", kasoma tangazo, hakutazama mchoro wa vioo.

Kituko cha kati ni kipindi cha Rollei. Rollei ilijenga viwanda Singapore mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndipo ikatoka Voigtländer Color-Ultron 50mm f/1.8 ya maunti ya QBM ya kamera za Rollei, ambayo kimsingi ni Planar 50mm f/1.8 ile ile, jina limebadilishwa. Jina la Voigtländer, usanifu wa Zeiss, mikono ya Singapore. Na kwa sababu jina lake halivumi kama Planar, wengi huipita sokoni bila kuitupia jicho. Mwenye akili anajua la kufanya.

---

pixel_baridi aliandika:

Mimi naona haya yote ni mbwembwe. Nchi haipigi picha. Chukua lenzi, jaribu, ikikupendeza lipa. Sigma anatengenezea lenzi zake zote Aizu, Fukushima. Nikon ana kiwanda Thailand, Canon ana Taiwan na Malaysia, Tamron ana China na Vietnam. Nani analalamika?

---

fundi_hesi aliandika:

@pixel_baridi nusu uko sahihi. Kwa lenzi mpya yenye dhamana, nchi haina uzito. Kwa lenzi ya miaka 40 ni habari tofauti: nchi na kiwanda ndivyo vinavyokuambia ni toleo lipi, na toleo ndilo linalokuambia ugonjwa wake, vipuri vyake, na kama adapta yake ipo. Mwenye lenzi ya Contax/Yashica hana tena mtengenezaji wa kumwendea, kwa hiyo kipuri ni lenzi nyingine iliyokufa ya toleo hilo hilo. Usipojua toleo unanunua mfu asiyefaa.

Na maandishi "Made in Germany" hayana maana ambayo wengi wanaifikiria. Chanzo chake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyolazimisha bidhaa za kigeni zitajwe nchi, lengo likiwa kumwonya mnunuzi wa Kiingereza. Ikageuka sifa. Leo sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya inatazama mahali ilipofanyika kazi kubwa ya mwisho iliyoipa bidhaa umbo lake, na mahakama za Ujerumani zinataka sehemu muhimu ya thamani iwe imeongezwa huko. Kioo ghafi, skrubu au mwili wa alumini vinaweza kutoka kwingine bila kosa lolote.

---

kivuli85 aliandika:

Asanteni sana. Kwa hiyo Planar na Nokton zimepita. Vipi Meyer? Na Vivitar? Muuzaji pia kaongeza Leica Elmar 50mm f/3.5 ya hesi, ya rangi ya dhahabu, anasema ni ya kijeshi na ni nadra.

---

LenziKongwe aliandika:

Meyer ina maisha matatu, na muuzaji akisema "Mjerumani halisi" muulize ni la ngapi.

La kwanza: Hugo Meyer, Görlitz, tangu 1896. Hapo ndipo zilipotoka Trioplan 100mm f/2.8 na Primoplan 58mm f/1.9 za awali. Mwaka 1968 ikamezwa na Pentacon, kampuni ya kamera ya Ujerumani Mashariki, na muda mfupi baadaye jina la Meyer likaondolewa kwenye lenzi: Oreston 50mm f/1.8 ikawa Pentacon 50mm f/1.8, Orestor 135mm f/2.8 ikawa Pentacon 135mm f/2.8. Ukiitaka Meyer kwa bei nafuu, nunua Pentacon ya mwanzo.

La pili: 2014 hadi 2018. Kampuni moja ya Koblenz ilifufua jina na kukusanya pesa za wanunuzi mtandaoni kabla lenzi hazijatengenezwa, kisha ikafilisika mwaka 2018. Katika kipindi hicho zilikuwepo Somnium 85mm f/1.5 na Nocturnus 50mm f/0.95, ambazo baadaye ilijulikana kuwa zilikuwa lenzi zilizonunuliwa nje na kufanyiwa marekebisho. Hicho ndicho kipindi cha kuogopa maneno ya matangazo.

La tatu: mwishoni mwa 2018 jina lilinunuliwa na kampuni ya OPC ya Bad Kreuznach, ambayo iliziacha hizo mbili na kusanifu upya Trioplan, Primoplan na Lydith. Lenzi za maisha haya zinatambulika kirahisi: zina "II" mwishoni mwa jina.

Kwa hiyo shika Trioplan yako. Ina II? Ya OPC. Mwili wa fedha ya alumini, umevaa umri, maunti ya Exakta au M42? Ya Görlitz. Mwili mpya mweusi au wa fedha, maunti ya kamera za kidijitali, haina II? Ya kipindi cha kati. Trioplan ya kipindi cha kati si lazima iwe mbaya, ila usiilipie kama ya Görlitz, wala usitegemee OPC wabebe ahadi za waliofilisika. Walinunua jina, hawakununua madeni.

Trioplan ni lenzi ya vioo vitatu tu. Zile duara za taa zenye ukingo mkali kama povu la sabuni zinatokana na upotofu wa mwanga wa kingo uliosahihishwa kupita kiasi. Zinatoka vizuri zaidi kwenye tundu la f/2.8 na zinahitaji vidoa vidogo vya mwanga mkali nyuma, umande au majani yanayong'aa juani. Funga hadi f/5.6 na uchawi umekwisha, imebaki lenzi ya kawaida.

---

mzee_wa_M42 aliandika:

Elmar ya dhahabu: kimbia. Au inunue kwa bei ya lenzi ya Kisovieti, kwa sababu ndiyo yenyewe.

Lenzi za Kisovieti za FED na Industar-22 zimechongwa upya kwa wingi kuwa "Leica Elmar", zikapakwa dhahabu, zikachorwa tai, meli, ndege za kivita, chochote kitakachomtoa mtu akili. Njia ya kumaliza ubishi inachukua nusu dakika. Funga apecha iwe ndogo, tazama kutoka mbele chini ya taa. Kwenye Elmar ya kweli majani yamekaa mara tu baada ya kioo cha kwanza. Kwenye Industar-22, ambayo imefuata mpangilio wa Tessar, yamekaa nyuma ya kioo cha pili, kwa hiyo unayaona yamezama zaidi ndani. Mchongaji anaweza kubadilisha maandishi, hawezi kuhamisha majani.

Pia usidhani hesi ya 39mm ni moja. Lenzi za zamani za Zenit, kamera za Kisovieti, zina hesi ya 39mm lakini zimepimwa kwa kamera yenye kioo cha kuakisi, umbali kutoka maunti hadi filamu ni 45.2mm. Za Leica ni 28.8mm. Inaingia vizuri, inakaza vizuri, na haifokasi kitu.

Na hata zile za umbali sahihi zina jambo. Jupiter-3 na Jupiter-8, za Kisovieti pia, zilizaliwa kutoka Sonnar za Zeiss, na mwendo wake wa fokasi umefuata lenzi ya kawaida ya Contax ya zamani ya Zeiss, takriban 52.4mm. Leica imeweka renjifainda yake (kipima umbali cha kufokasia) kwa 51.6mm. Ukiirekebisha infiniti ikae, umbali wa mita moja kwa tundu wazi fokasi inapotea. Ukirekebisha karibu, mbali kunapotea. Kwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi tatizo hilo halipo, kwa sababu unafokasi kwa kutazama kinachofika kwenye sensa yenyewe. Weka shimu (kipande chembamba cha kurekebisha umbali) kwa ajili ya kamera ya renjifainda tu, usiguse kama unatumia adapta.

Kuhusu Leica za kweli, msiseme tu "Ujerumani". Leitz, watengenezaji wa Leica, walifungua Midland, Ontario, Kanada mwaka 1952, na ndiko Walter Mandler alikosanifu Noctilux 50mm f/1. "Leitz Canada" kwenye ringi si daraja la pili hata kidogo. Ureno waliingia Vila Nova de Famalicão mwaka 1973. Na tangu 1972 wakashirikiana na Minolta: mwili wa Leica CL ulitengenezwa na Minolta, lakini Summicron-C 40mm f/2 yake ilitoka Wetzlar, wakati M-Rokkor 40mm f/2 iliyo pacha wake ilitoka Japani. Kwenye familia ya R, ya kamera za Leica zenye kioo cha kuakisi, zipo zumu ambazo asili yake ni Minolta, na baadaye 28-70mm yenye asili ya Sigma. Leica DG za Panasonic zinatengenezwa na Panasonic. Hata Hasselblad, lenzi za HC ni Fujinon.

---

mzee_wa_M42 aliandika tena:

Nimesahau Vivitar, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Vivitar hawakuwahi kuwa na kiwanda cha lenzi hizi. Ilikuwa kampuni ya biashara ya Marekani, Ponder & Best, ikiagiza Japani kwa watengenezaji tofauti. Jina la kiwanda limefichwa kwenye namba ya mfululizo. Kwa lenzi za miaka ya 1970 na 1980:

22 ni Kino Precision, ambao baadaye waliuza wenyewe kwa jina Kiron. 28 ni Komine. 37 ni Tokina. 47 ni Chinon. 75 ni Hoya. 6 peke yake ni Olympus, 9 peke yake ni Cosina.

Baada ya namba ya kiwanda, tarakimu moja ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki, zilizobaki ni mfuatano. Mfano 28307412: 28 Komine, 3 mwaka unaoishia na tatu, 07 wiki ya saba. Ni 1973 au 1983? Namba haisemi. Unaangalia lenzi yenyewe: kama ni 70-210mm f/2.8-4, hiyo ni ya miaka ya 1980, basi 1983.

Kwa Series 1 70-210mm unaweza hata kuacha namba ukashika rula. Toleo la kwanza ni la Kino, f/3.5 mwanzo hadi mwisho, filta 67mm. La pili ni la Tokina, f/3.5, filta 62mm. La tatu ni la Komine, f/2.8-4, filta 62mm. La nne ni la Cosina, f/2.8-4, filta 58mm. La tatu ndilo wengi wanalisifu kwa ukali wa picha, na mimi nakubaliana nao. La kwanza ni zito, lina tabia ya kung'aa kwa taa za mbele, lakini rangi zake si za kudharau. La nne liache kama una chaguo.

Jina lenyewe limeshauzwa zaidi ya mara moja, na tangu 2008 liko kwa kampuni ya Sakar. Vivitar mpya ya leo haina uhusiano wowote na hizi.

---

kivuli85 aliandika:

Nimeipata namba ya Vivitar: 22713508. Kifuniko cha mbele kinasoma 67mm. Muuzaji anasema ni "ile ya Tokina, nzuri kuliko zote". Na naomba hatua za kupima kabla ya kulipa, hasa kwa Planar na hiyo zumu.

---

mzee_wa_M42 aliandika:

22, Kino. 7, mwaka 1977. Wiki ya 13. Na 67mm inathibitisha. Si Tokina, na kama ingekuwa Tokina bado isingekuwa "nzuri kuliko zote". Punguza bei kwa sababu hiyo.

Zumu hii ni ya kusukuma na kuvuta kwa pete moja. Shika ikiangalia chini kwenye 70mm, tikisa kidogo. Ikiteleza yenyewe hadi mwisho, ndani kumelegea. Kwenye meza inasumbua, kwenye tripodi ukipiga kitu kilicho chini haitumiki kabisa.

---

fundi_hesi aliandika:

Hatua, kwa zote mbili:

Tochi ndogo, ipitishe kutoka nyuma kwa pembe, si moja kwa moja, apecha wazi. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba kama mizizi ya nyasi ni ukungu ulioota. Weupe kama pumzi kwenye kioo ambao haufutiki ni mvuke wa grisi uliotua ndani. Picha zitakosa weusi wa kweli.

Zungusha fokasi mwisho hadi mwisho polepole. Isikwame, isiwe na mahali inapolegea ghafla. Kisha shika mwili kwa mkono mmoja na ringi ya mbele kwa mwingine, jaribu kuitikisa. Kwenye lenzi ndogo za chuma kama ZM, mchezo wa hata nusu milimita mara nyingi ni ringi au skrubu za ndani zilizolegea. Hurekebishika, lakini ni kazi ya fundi mwenye vifaa, kwa hiyo itoe kwenye bei.

Mwisho, kupima kama vioo vimekaa katikati. Watu hupiga ukuta wa matofali, na nusu ya "lenzi mbovu" wanazopata ni kamera iliyosimama mshazari. Fanya hivi: tafuta kitu cha mbali chenye maandishi au matawi, tundu wazi kabisa. Kiweke kona ya juu kushoto, fokasi hapo hapo, piga. Kisha kona ya juu kulia, fokasi upya, piga. Zimalize kona nne. Linganisha kwa asilimia 100 kwenye skrini. Kona zote zikiwa dhaifu kwa kiasi kimoja, huo ndio uwezo wa lenzi. Kona moja ikiwa mbovu na ya mkabala wake ikiwa kali, imegongwa au imefungwa vibaya, na hapo haijalishi ringi imeandikwa nini.

Kwa zumu rudia kwenye 70 na 210. Inaweza kuwa sawa mwanzo na kupinda mwisho.